Kusoma Njiani: Safari ya Gari la Moshi mpaka Arusha

Somo la redio kwa vikundi vya kisomo cha watu wazima

Natumaini kila mmoja amekwisha pata mahali pa kukaa, daftari liko mbele yake, na kalamu imechongwa. Wale mliochelewa kwa sababu ya mvua au kazi za shamba, karibuni, hamjapitwa na kitu.

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya safari. Nitawaeleza safari ya gari la moshi kutoka Korogwe mpaka Arusha, mji ulio chini ya mlima Meru. Nitawaeleza pia habari za wageni wawili tuliokutana nao njiani, waliokuwa na haraka kubwa, na habari za shangazi yangu, ambaye hakuwa na haraka hata kidogo. Mwisho nitawaonyesha jinsi ya kusoma saa iliyoandikwa katika tiketi, maana jambo hilo dogo liliwahi kuiumiza jamaa yetu.

Kwanza tusome maneno matano ya leo. Mwalimu ayaandike ubaoni.

TIKETI. Ni karatasi inayoonyesha kwamba umelipa nauli. Imeandikwa unatoka wapi, unakwenda wapi, siku gani na saa ngapi.

RATIBA. Ni orodha ya saa za kuondoka na kufika.

BEHEWA. Ni chumba kirefu chenye magurudumu kinachovutwa na injini. Mabehewa mengi yakifuatana pamoja na injini yake ndiyo treni, au gari la moshi kama walivyoliita wazee wetu. Siku hizi moshi wa kuni na makaa haupo tena, lakini jina limebaki.

KITUO. Ni mahali treni inaposimama.

KIBAO. Ni ubao mdogo ulioandikwa. Kila kituo kina kibao chenye jina lake.

(Hapa mwalimu asimamishe kidogo. Wanafunzi wasome maneno matano kwa sauti, mara mbili.)

Haya, sasa tuendelee.

Mwaka 2020 tulipata msiba. Shangazi yangu mkubwa, aliyekuwa ameolewa Korogwe, alifariki dunia. Mimi nilitangulia huko kusaidia shughuli. Shangazi yangu mdogo, mdogo wake yule marehemu, alikuwa nyumbani kwetu Usa River, karibu na Arusha. Alikuwa amekatiwa tiketi ya basi aje kumzika dada yake. Wakati ule shangazi hakujua kusoma. Kwa hiyo alimwomba mtoto wa jirani aipige picha tiketi ile kwa simu na kunitumia, nimwambie basi linaondoka saa ngapi.

Picha ilinifikia nikiwa katikati ya watu. Huku nazungumza na wachimba kaburi, huku naulizwa habari za turubai. Niliitupia macho ile picha mara moja, nikaona tarakimu 6, nikajibu, “Saa sita.”

Tiketi ilikuwa imeandikwa 06:00. Ninyi mliokwisha jifunza mnajua maana yake. Si saa sita mchana. Ni saa kumi na mbili asubuhi.

Shangazi alifika stendi saa tano na nusu, amejitanda kanga zake, ana furushi mkononi, akijiona amewahi. Basi lilikuwa limekwisha ondoka zamani. Akapanda jingine. Alipofika Korogwe jua lilikuwa limetua, na kaburi limekwisha fukiwa. Maziko hayakuweza kumngoja.

Nimewaeleza jambo hili ingawa ni aibu kwangu. Mimi nimesoma mpaka chuo kikuu na nina stashahada. Aliyekosea kusoma siku ile hakuwa yeye asiyejua herufi. Nilikosea mimi ninayezijua, kwa sababu ya haraka. Kwa hiyo, mwanafunzi, usione haya unaposoma polepole. Anayesoma polepole na kuelewa amemshinda anayesoma mbio na kukosea.

Shangazi hakunilaumu. Aliniambia neno moja tu: “Mwanangu, nifundishe kuisoma saa hiyo mwenyewe.” Mwaka uliofuata akajiunga na kikundi cha kisomo pale kijijini, kama ninyi.

Basi, mwaka 2022 niliomba likizo, nikampeleka Korogwe kuliona kaburi la dada yake. Juu ya kaburi pana msalaba wa saruji wenye maandishi. Shangazi alisimama mbele yake, akaweka kidole juu ya herufi ya kwanza, akasoma jina la dada yake silabi kwa silabi mpaka mwisho. Kisha akasoma mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa. Mimi sikumsaidia hata herufi moja. Alipomaliza alikaa chini kitambo, halafu akasema, “Twende.”

Tukaamua kurudi kwa gari la moshi.

Kabla hatujapanda, nataka mjue reli hii imetoka wapi. Ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, wakati wa utawala wa Wajerumani. Ilifika Korogwe mwaka 1902, ikafika Mombo mwaka 1905, ikafika Moshi mwaka 1911. Kisha Vita Kuu ya Kwanza ikaja, utawala ukabadilika, Waingereza wakashika nchi, na reli ikafika Arusha mwaka 1929.

Mwalimu, andika hesabu hii ubaoni: 1929 toa 1893. Jibu ni 36. Kutoka Tanga mpaka Arusha ni kilometa zipatazo 440. Basi reli ile ilisafiri miaka 36 kuufikia mlima Meru, ambayo ni kama kilometa 12 kwa mwaka! Mtu mzima hutembea mwendo huo kwa miguu kabla ya chakula cha mchana. Lakini kila kilometa ilikuwa na watu waliopasua mawe, waliobeba mataruma na waliojenga madaraja, na wengi wao majina yao hayakuandikwa popote.

Mwaka 1963, Tanganyika ikiwa imekwisha pata uhuru, ilifunguliwa njia ya kuunganisha reli hii na Reli ya Kati, kutoka Ruvu mpaka Mnyusi karibu na Korogwe. Hapo msafiri wa Dar es Salaam akaweza kupanda treni mpaka kaskazini. Baadaye, katika miaka ya 1990, safari za abiria katika njia hii zilikoma, na majani yakaota katikati ya mataruma. Treni ya abiria ilirudi Moshi mwezi wa Desemba 2019, na Arusha mwezi wa Oktoba 2020. Watu walitoka majumbani kuitazama ikipita. Kulikuwa na vijana wakubwa, wenye watoto wao, ambao hawajapata kuona treni ya abiria katika mji wao tangu wazaliwe.

Sasa turudi kituoni Korogwe. Tiketi yetu ilikuwa imeandikwa 22:40. Nilimpa shangazi, nikanyamaza. Aliitazama muda mrefu. Akahesabu kwa vidole. Kisha akasema, “Saa nne na dakika arobaini usiku.” Alikuwa sawasawa kabisa. Hata hivyo alinilazimisha tufike kituoni saa mbili, tukae juu ya mizigo yetu tungoje. Sikumbishia.

Alihesabuje? Hii ndiyo njia yenyewe. Iandike katika daftari lako.

Saa za tiketi huanza kuhesabiwa usiku wa manane, tena huhesabiwa mpaka 24. Saa zetu za Kiswahili huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, na tena linapotua. Ndiyo sababu tarakimu hazilingani.

Kanuni ya kwanza. Ukiona tarakimu kutoka 07 mpaka 18, toa 6. Mfano: 08:00. Nane toa sita ni mbili. Hiyo ni saa mbili asubuhi. Mfano mwingine: 14:00. Kumi na nne toa sita ni nane. Hiyo ni saa nane mchana.

Kanuni ya pili. Ukiona tarakimu kutoka 19 mpaka 24, toa 18. Mfano: 22:40. Ishirini na mbili toa kumi na nane ni nne. Hiyo ni saa nne na dakika arobaini usiku.

Kanuni ya tatu. Ukiona tarakimu kutoka 01 mpaka 06, ongeza 6. Mfano: 06:00. Sita ongeza sita ni kumi na mbili. Hiyo ni saa kumi na mbili asubuhi. Ukiona 00, isome kama 24, kisha ufuate kanuni ya pili.

Dakika hazibadiliki. Ziache kama zilivyo. Tena angalia: usiishike saa ya safari yangu mimi, maana ratiba hubadilika. Shika njia ya kuhesabu, na saa uisome katika tiketi yako.

(Hapa mwalimu asimamishe. Wanafunzi wageuze saa hizi: 09:30, 16:00, 20:15, 05:00.)

Haya. Mmemaliza? Majibu ni haya: saa tatu na nusu asubuhi, saa kumi alasiri, saa mbili na robo usiku, saa kumi na moja alfajiri.

Treni ilikuja, tukapanda. Ndani ya behewa letu tuliwakuta vijana wawili kutoka Ulaya, kijana wa kiume na dada mmoja, waliopanda Dar es Salaam. Kila mmoja alikuwa na mfuko mkubwa wa kubeba mgongoni, ambao ndani yake mna nguo, dawa, sufuria, na hata hema. Wasafiri wa namna hii ni wengi duniani. Huko kwao, tangu mwaka 1972, iko tiketi iitwayo Interrail. Kijana akiinunua anaweza kupanda treni katika nchi nyingi za Ulaya kwa tiketi hiyo hiyo moja, kwa siku zilizowekwa. Ni jambo zuri, limewafanya vijana wengi waione dunia kwa fedha kidogo.

Dada yule alijua Kiswahili kidogo, na palipomshinda nilitafsiri. Alitueleza kwamba mwaka uliotangulia walikuwa wamezunguka kwa tiketi ile siku kumi na nane. Walifika Paris, Berlin, Prague, Vienna, Budapest na Venice. Mara nyingi walilala ndani ya treni usiku ili wasilipe hoteli, asubuhi wakautazama mji, jioni wakapanda treni nyingine. Na hapa kwetu walikuwa na siku kumi na moja tu. Walikuwa wametoka Zanzibar. Walitaka kuona Arusha, mlima Meru, Ngorongoro na Serengeti, kisha waruke kwenda kwao. Dada alikuwa na daftari dogo lenye orodha, na kila mahali walipofika alipiga mstari.

Shangazi alisikiliza kwa makini. Kisha akamwuliza, “Mwanangu, watu wa Vienna asubuhi wanakula nini?”

Nikatafsiri. Vijana wakatazamana, wakacheka. Dada akasema, “Mama, sijui. Sisi tulikula mkate kituoni.”

Shangazi akacheka pia, akafungua furushi, akawapa maandazi.

Wasikilizaji, nisieleweke kwamba ninawasema vibaya vijana wale. Walikuwa na adabu, walisaidia watu kupandisha mizigo, na fedha yao ya safari waliipata kwa kufanya kazi. Wala mwendo wa kasi si kitu kibaya. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inakwenda kati ya Dar es Salaam na Dodoma kwa kasi ambayo wazee wetu hawakuiota, na mgonjwa au mfanyabiashara anaishukuru. Lakini kufika ni jambo moja, na kuona ni jambo jingine. Mtu anaweza kufika miji sita asione hata mmoja.

Kulipopambazuka tulikuwa nchi ya Upare. Vijana walikuwa wamelala, maana walikuwa wamechoka sana. Mimi nilikuwa nikiangalia simu yangu. Shangazi alikuwa dirishani, upande wa kulia.

Kumbukeni jambo hili, litawafaa siku moja. Ukipanda treni ya kwenda Arusha, kaa upande wa kulia. Milima ya Usambara iko kulia kwako, kisha milima ya Upare, kisha Kilimanjaro, na mwisho Meru. Upande wa kushoto ni nchi tambarare na mashamba ya mkonge. Nao una uzuri wake, lakini milima yote minne iko kulia.

Treni ikapunguza mwendo. Nikasikia sauti ya shangazi: “Le-mbe-ni. Lembeni!” Alikuwa amekisoma kibao cha kituo. Baadaye tena: “Ka-he. Kahe.” Abiria mmoja aliyekaa karibu alitabasamu. Shangazi hakujali. Palipofika Moshi alisoma kabla treni haijasimama, akanigeukia akasema, “Hapa nimepita kwa basi miaka yote. Leo ndiyo mara ya kwanza mahali hapa kuniambia jina lake.”

Nikaiweka simu mfukoni.

Baada ya Moshi treni huelekea magharibi. Kilimanjaro, wenye meta 5,895, hubaki nyuma kulia, na mbele hutokea Meru, wenye zaidi ya meta 4,500. Huo ni wa pili kwa urefu katika Tanzania. Vijana wakaamka wakaanza kupiga picha. Kijana wa kiume akauliza, “Mbona mlima ule umevunjika upande mmoja?”

Akanitazama mimi. Mimi nimezaliwa chini ya mlima ule. Nikakosa jibu. Shangazi akasema, “Mwambie nimezaliwa nimeukuta hivyo.”

Baadaye nilisoma, na sasa nawaambia ninyi. Meru ni mlima wa volkano, yaani mlima uliojengwa na moto na majivu yaliyotoka chini ya ardhi. Maelfu ya miaka iliyopita, upande wake wa mashariki ulibomoka. Mawe na matope yaliporomoka mpaka mbali sana, na katika mashimo yaliyoachwa yakatokea maziwa madogo ya Momella. Maji ya maziwa yale hayafanani kwa magadi wala kwa rangi, na kwa sababu hiyo ndege hugawana, wengine hapa na wengine pale. Heroe huko ni wengi. Mara ya mwisho mlima ulitoa majivu mwaka 1910. Tangu hapo umetulia.

Mwaka 1960 sehemu ya nchi ile ilitengwa kuwa hifadhi, na leo inaitwa Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Kuna twiga, nyati, na mbega weusi wenye mikia mirefu myeupe. Kuna pia bonde la Ngurdoto, ambalo ni kama bakuli kubwa lenye msitu pembeni. Wageni hawaruhusiwi kuteremka ndani. Wanasimama ukingoni wakatazama. Hapo mwenye haraka haoni kitu, maana wanyama ni wadogo mbali kule chini. Lazima utulie mpaka macho yazoee. Na anayetaka kupanda Meru hutumia siku tatu au nne. Analala katika vibanda vya Miriakamba, kisha katika vibanda vya Saddle, na askari mwenye bunduki hufuatana naye kwa sababu ya nyati. Mlima hauna njia ya mkato.

Tulipokaribia Usa River, shangazi aliwaonyesha vijana upande wa kaskazini, nyuma ya mlima, akawaambia, “Huko ni Engare Nanyuki.” Kisha akawasimulia habari aliyoipata kwa baba yake. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki, ili ardhi wapewe walowezi. Nyumba zilichomwa. Wameru hawakushika silaha. Waliandika malalamiko yao wakayapeleka Umoja wa Mataifa, kwa kuwa Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wake. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, mtu wa Meru, alisafiri mpaka New York akasimama mbele ya wakubwa wa dunia akaeleza shauri lao. Ardhi haikurudishwa kwa safari ile. Lakini dunia ilisikia, na watu wa Tanganyika wakajifunza kwamba mnyonge naye anaweza kuandika na kusikilizwa. Mwaka 1967 Kirilo Japhet pamoja na mwanasheria Earle Seaton walitoa kitabu juu ya kesi ile.

Dada wa Ulaya alichukua daftari lake. Safari hii hakupiga mstari. Aliandika, akamwomba shangazi alitaje tena jina la Engare Nanyuki, polepole. Shangazi alimtajia silabi kwa silabi, kama mwalimu.

Tukateremka Arusha. Vijana walikuwa wakingojwa na gari la kuwapeleka hifadhini siku ile ile. Tukaagana. Mimi nilitaka kwenda nyumbani, lakini shangazi akasema, “Ngoja. Mji huu nimeuzia ndizi miaka ishirini. Leo nataka kuutazama.”

Basi tukautazama. Tulianza Mnara wa Saa, na shangazi akaisoma saa ya mnara. Tukaenda kwenye Boma, ngome iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1900, ambayo sasa ni makumbusho. Alikuwa amepita mbele ya ukuta ule mara nyingi na ndizi kichwani, wala hajapata kuingia. Halafu tukaenda makumbusho ya Azimio la Arusha. Huko alisoma tarehe moja peke yake: 5 Februari 1967, siku Azimio lilipotangazwa. Akaniambia, “Siku ile baba alikuwa na redio ya jirani sikioni. Mimi nilikuwa mtoto. Nilikumbuka kelele za watu, lakini tarehe nilikuwa siijui.”

Mahali patatu, siku moja. Jioni tulirudi Usa River, miguu inauma. Shangazi alichukua daftari lake la kisomo, akaandika karibu na taa. Aliniruhusu niwasomee alichoandika:

“Nimekwenda Korogwe. Nimemwona dada. Nimesoma vibao vitano. Nimerudi salama.”

Nilivihesabu. Lembeni, Kahe, Moshi, Usa River, Arusha. Ni kweli, vitano.

Wasikilizaji, wageni huvuka bahari kuja kuutazama mlima ambao baadhi yetu tunauona kila asubuhi tunapofungua mlango. Nasi tuutazame. Wahenga walisema: tembea uone. Hawakusema: tembea upite. Na haraka haraka haina baraka, iwe katika safari, iwe katika kusoma tiketi ya mtu mwingine.

Sasa maswali ya kuzungumza katika kikundi.

1. Kwa nini shangazi alilikosa basi mwaka 2020? Kosa lilikuwa la nani?

2. Tiketi imeandikwa 19:30. Ni saa ngapi kwa Kiswahili?

3. Reli ilitoka Tanga mwaka gani, ikafika Arusha mwaka gani?

4. Katika kijiji au mtaa wenu kuna kibao gani ambacho hujakisoma bado?

Kazi ya nyumbani ni hii. Kabla ya somo lijalo, tembea mahali unapopita kila siku: njia ya sokoni, ya kisimani, au ya stendi. Soma kila kibao utakachokiona, hata kama ni kimoja tu. Andika sentensi tatu juu ya ulichokiona. Asiyeweza tatu aandike moja. Mwalimu asikilize kila mtu akisoma yake, wala asimharakishe.

Nimemaliza. Kwaherini, na Mungu akipenda tutakutana tena katika somo lijalo.